Kuhesabu Hasara Kabla Haijaonekana

Katika Nyanda za Juu za Kusini, mama mwenye busara hahesabu mahindi yake kwa kuyatazama tu ghalani mwezi wa Julai. Akiwa na magunia ishirini anajua kwamba Februari itakapofika hayatakuwa ishirini, hata kama hajauza debe moja. Panya watakula, fukusi watatoboa, na tangu alipoingia nchini mdudu yule aitwaye dumuzi, ambaye wengine walimbatiza jina la Scania, hasara ya ghalani imezidi. Mama huyu hajui ni gunia lipi litakaloliwa. Anajua tu kwamba mengine yataliwa, na kwa hiyo tangu Julai amekwisha kuyatoa kichwani mwake mawili au matatu. Mumewe akianza kuahidi watu magunia yote ishirini, atamkanya.

Benki nayo, ikiwa ni benki ya kweli, hufanya hesabu ya namna hiyo hiyo. Imekopesha watu elfu moja. Haijui ni nani kati yao atakayeshindwa kulipa, kwani kama ingemjua isingemkopesha. Lakini inajua kwamba wapo. Basi kila mwaka hukadiria kiasi kitakachopotea na kukitengea fungu. Watu wengi hudhani fungu hilo ni noti zilizofungiwa kwenye sanduku. Sivyo. Ni tarakimu katika vitabu: thamani ya mikopo hupunguzwa kwa kiasi hicho, na kiasi hicho hicho hutolewa katika faida ya mwaka. Hapo ndipo penye mtihani wote. Fungu likiwa kubwa, faida huwa ndogo. Likiwa dogo, faida hunenepa, meneja akasifiwa, na mwenye benki akapata gawio lake. Kila anayekaa kwenye meza ile ana sababu ya kutamani fungu liwe dogo.

Nililielewa jambo hili kabla sijaingia ndani ya benki yoyote. Katikati ya miaka ya 1970 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha Mbozi, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa ya Mkoa wa Mbeya. Ndiyo miaka ya vijiji vya ujamaa na ya Mradi wa Taifa wa Mahindi, na mikoa yetu ya kusini ndiyo iliyotegemewa kulisha nchi. Mbolea na mbegu zilikuja kwa mkopo, na mkopo ulikuwa wa kijiji kizima, si wa mtu mmoja mmoja. Kwa kuwa niliandika hati nzuri, nilipewa daftari. Nikapiga mistari: jina, mifuko, fedha anazodaiwa, alizolipa. Kisha nikaongeza safu ya tano, na juu yake nikaandika "Mashaka". Humo nikatia alama kwa mjane aliyekuwa na shamba la mawe, kwa kijana aliyekuwa akifunga mizigo kwenda Copperbelt, na kwa kaya tatu ambazo mbolea iliwafikia mahindi yakiwa yamekwisha kufika kiunoni.

Afisa mmoja alipopita kukagua aliitazama safu ile kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama mimi ni mnajimu. Akasema wananchi wote watalipa, kwani kijiji kimeazimia hivyo mkutanoni. Akachukua rula na kalamu, akaifuta kwa mistari miwili iliyonyooka kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ripoti ya kupeleka juu, na katika ripoti ile hapakuwa na mahali pa safu ya tano.

Huko juu nako hapakuwapo. Msomaji mwenye umri wangu atakumbuka jinsi mambo yalivyopangwa. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki ya binafsi yalitaifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Mwaka 1971 ikaja Benki ya Maendeleo Vijijini, TRDB, iliyopeleka pembejeo za mkopo vijijini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likawa linanunua mahindi moja kwa moja vijijini. Bei ilikuwa moja nchi nzima. Mkulima wa Mbozi au wa Njombe alipata bei sawa na ya mtu aliye jirani na Dar es Salaam, ingawa gunia lake lilisafiri mamia ya kilomita. Kwetu hiyo ilikuwa neema, na sitaki kuibeza. Watu walijenga nyumba za bati kwa bei ile. Lakini gharama ya lori ilibaki kwa NMC, na NMC haikuwa na fedha hizo. Ilikopa NBC. Msimu ulipokwisha deni halikulipwa lote, na msimu mpya ulipoanza ilikopa tena, kwani nani angethubutu kuwaambia wananchi kwamba mahindi yao hayatanunuliwa?

Sasa jiulize, ndugu msomaji, mhasibu wa benki ile angeandika nini? Mdaiwa ni shirika la serikali. Mdai ni benki ya serikali. Kutenga fungu kwa ajili ya deni la NMC kulikuwa sawa na kusema kwa maandishi kwamba serikali haitailipa serikali. Basi deni likaandikwa kuwa zima. Zaidi ya hapo, riba ambayo hakuna aliyeilipa ilijumlishwa kwenye deni na kuhesabiwa kuwa mapato. Hivyo kadiri mdaiwa alivyozidi kushindwa, ndivyo benki ilivyoonekana inachuma. Ni kana kwamba yule mama wa ghalani angehesabu unga wa fukusi kuwa ni mavuno mengine.

Wapo wanaosema leo kwamba mikopo ile ilikuwa wizi mtupu. Mimi sikubali. Wizi ulikuwapo, kama ulivyo popote, lakini sehemu kubwa ilikuwa ruzuku: chakula cha mjini, barabara ya mkulima, mishahara ya viwandani. Ruzuku si dhambi. Kosa lilikuwa kuiita mkopo. Ingeitwa ruzuku ingepelekwa Bungeni, ikajadiliwa na kupewa kiwango. Ilipoitwa mkopo ilijificha benki, na waliokuja kuilipa ni watu ambao hawakuulizwa. Walilipa kwa mfumuko wa bei uliokuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980. Mshahara wangu wa mwalimu wa miaka hiyo naukumbuka, na sukari nilizokosa nazikumbuka pia.

Mwaka 1988 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza mabenki, chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu tangu 1974. Taarifa ya tume ilitoka mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria mpya ya mabenki. Benki Kuu ikaagiza mikopo ipangwe kwa madaraja kufuatana na muda ambao mdaiwa amekaa bila kulipa, na kila daraja litengewe sehemu yake: kidogo kwa deni lililoanza kulegea, nusu kwa deni la mashaka, na deni lililokufa litengewe lote. Neno lenyewe "mashaka" nilipolikuta katika kanuni za mabenki nilicheka peke yangu.

Ilipofanyika hesabu hiyo, ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya mikopo ya NBC ilikuwa haina uhai. Kwa sheria ya 1991 likaundwa shirika la kukusanya madeni hayo, LART, na serikali ikaipa benki hati za dhamana badala ya mikopo mibovu. Haikutosha. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, ikazaliwa NMB iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Na mwaka 2000 hisa nyingi za NBC iliyobaki ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini, jambo ambalo Mwalimu Nyerere alilipinga hadharani alipokuwa hai. Alichokipinga kilikuwa kuuza, na alikuwa na hoja. Lakini bei ya kuuzia ilikwisha kushushwa miaka ishirini nyuma, na kalamu zilizoogopa safu ya tano.

Madaraja yale yalikuwa na upungufu wake: yalisubiri mtu achelewe kwanza. Ulimwengu mzima ulikuwa na udhaifu kama huo, na katika msukosuko wa mwaka 2008 mabenki makubwa ya Ulaya na Marekani yalilaumiwa kwa kutenga kidogo mno tena kwa kuchelewa. Ndipo ikaja kanuni ya kimataifa ya hesabu iitwayo IFRS 9, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Hiyo inataka benki ikadirie hasara tangu siku ya kukopesha.

Kwa wanachuo wangu wa zamani nitaiweka kama fumbo la hesabu. Wakulima 100 wamekopeshwa shilingi 100,000 kila mmoja; jumla ni 10,000,000. Vitabu vya miaka iliyopita vinaonyesha kwamba 8 kati ya 100 hushindwa. Vinaonyesha pia kwamba kwa hao 8, dhamana ikiuzwa hurudi 40 katika kila 100, na 60 hupotea. Asilimia 8 ya milioni 10 ni 800,000. Asilimia 60 ya hizo ni 480,000. Hilo ndilo fungu, nalo hutengwa wakati wakulima wote 100 bado wanasalimiana vizuri na meneja. Mkopo ukiwa mzima, hukadiriwa hatari ya miezi 12 ijayo. Ukianza kuyumba, hatari ya maisha yake yote. Na ukishaharibika, riba huhesabiwa juu ya kile tu kilichobaki baada ya kutoa fungu, kwa hiyo ule mchezo wa kuchuma kutoka kwa maiti umefungiwa mlango.

Ugumu uko kwenye ile 8. Vitabu husema yaliyopita tu. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, na bei huku kwetu ikaanguka. Mkulima wa Mbozi aliyelipa vizuri miaka mitano mfululizo alijikuta na ghala lililojaa na mfuko mtupu. Mtu wa mikopo aliyetegemea daftari peke yake angeandika 8. Aliyepita sokoni Tunduma angeandika namba nyingine. Ndiyo maana sikubaliani na vijana wanaosema kompyuta imemaliza kazi hii.

Tarehe 4 Januari 2018, siku tatu tu tangu kanuni mpya ianze, Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji. Mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi wa Njombe, mji uliokuwa wa Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Sisemi kwamba kanuni ndiyo iliyoiua, kwani mtaji haupungui kwa siku tatu. Bima ya amana wakati huo ililipa hadi shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye akaunti, na aliyekuwa na zaidi alisubiri ufilisi.

Mwaka uliofuata nilikuwa katika kamati ya chama cha akiba na mikopo cha walimu wastaafu, hapa Iringa. Tulikuwa na faida kidogo, na wanachama walitaka gawio lote, maana wengi wetu tunanunua dawa za presha. Niliomba theluthi itengwe kwa ajili ya mikopo ya wanachama kumi na wanne ambao sikuwataja majina. Mzee mmoja akasimama akauliza ni nani aliyenipa kibali cha kuwashuku wenzangu. Nikamjibu kwamba simshuku yeyote kati yao, nawashuku wote kumi na wanne kwa pamoja. Watu wakacheka, kisha wakabishana hadi saa kumi na moja jioni. Fungu lilipita kwa tofauti ya kura nne.