Kompyuta Kuukuu na Mfumo Mpya

Kila chombo kilichotengenezwa na mkono wa mwanadamu kina siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Jembe huisha makali, mashua huoza mbao, saa hukatika kamani. Vyombo hivyo hufa kwa sababu vimechakaa, na kila mwenye macho huona. Lakini kompyuta ina kifo cha namna nyingine. Yaweza kuwa nzima, kioo chake king'aavu, vibonye vyake imara, na taa yake ikiwaka kila asubuhi. Hata hivyo siku moja mwenyewe huambiwa kwamba mashine yake haikubaliwi tena. Swali la insha hii, msomaji, ni hili: nani mwenye haki ya kusema kwamba mashine imekufa? Historia ya miaka kama ishirini na mitano iliyopita inalo jibu, wala si jibu la neno moja.

Kwanza yatupasa kulifahamu jambo lenyewe. Kompyuta ina mwili na ina maarifa. Mwili ni vile vinavyoshikika: prosesa inayofanya hesabu, kumbukumbu, diski na skrini. Maarifa ni programu, na programu kubwa kuliko zote ni mfumo wa uendeshaji. Mfumo huo ni kama msimamizi wa nyumba: huiamsha mashine, hugawa kazi, na huamua nani aingie na nani azuiwe. Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, na Linux ni mifumo ya namna hiyo. Kila baada ya muda hutolewa toleo jipya, na pamoja nalo hutangazwa ni mashine zipi zitakazolipokea. Zisizotajwa huachwa na toleo la kale, ambalo baada ya miaka michache halifanyiwi marekebisho tena.

Tusiwahukumu watengenezaji kabla ya kuwasikiliza. Wako wanaodhani kwamba mashine huachwa kwa tamaa ya fedha tu, ili watu walazimike kununua nyingine. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, juu ya kompyuta yenye prosesa iitwayo 386. Mfumo huo hupatikana bila malipo, na walioutunza hawakuwa na haja ya kumwuzia mtu mashine. Hata hivyo, mwezi wa Desemba 2012 waliamua kuiacha prosesa ile ile ya 386, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1985, na toleo la 3.8 la mwaka 2013 halikuitambua tena. Sababu yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kila walipotaka kurekebisha jambo, prosesa hiyo ya kale iliwaongezea kazi. Basi mzigo wa vitu vya kale una uzito wa kweli, na abebaye huchoka. Kuachwa kwa mashine si dhambi. Linalotupasa kuchunguza ni sababu ya kuachwa kwake.

Katika uchunguzi huo tutaona vizuizi vya aina tatu. Kipo kizuizi kilicho kama mlango, ambacho hufungwa kwa amri na huweza kufunguliwa. Kipo kilicho kama mto, ambao hauvukiki mpaka mtu ajenge daraja. Na kipo kilicho kama mwamba, ambao haujali ufundi wala juhudi ya mtu. Historia ya kompyuta za Apple inaonyesha vyote vitatu kwa uwazi sana.

Mwezi wa Machi 2001 Apple ilitoa mfumo mpya ulioitwa Mac OS X. Kompyuta zilizoruhusiwa zilikuwa zile zilizotoka kiwandani na prosesa ya G3 au iliyoifuata. Mashine kama Power Macintosh 9500 na 9600, zilizouzwa miaka michache tu kabla ya hapo, ziliachwa, ingawa prosesa zake zilikuwa za ukoo ule ule wa PowerPC. Lakini kiini cha mfumo huo mpya, kilichoitwa Darwin, kilikuwa kimetolewa hadharani pamoja na maandishi ya programu yake, kila mjuzi aweze kuyasoma. Kwa msaada wa maandishi hayo ilitungwa programu iliyoitwa XPostFacto, ambayo ilirudisha vipande vilivyokosekana na kuziamsha mashine zile kwa mfumo mpya. Huo ulikuwa mto, na daraja lake lilijengwa na watu waliopewa nafasi ya kusoma. Palipofichwa kila kitu, mjuzi na mjinga huwa sawa. Palipowekwa maandishi wazi, mjuzi hupata pa kuanzia.

Mwezi wa Oktoba 2007 lilitoka toleo lililoitwa Leopard. Sharti lake lilikuwa kwamba prosesa ya G4 iwe na mwendo usiopungua megahezi 867. Programu ya kuusimika mfumo iliiuliza mashine mwendo wake. Mashine ikijibu kwamba ni 800, ilikataliwa. Wamiliki wakagundua kwamba jibu hilo limeandikwa mahali panapoweza kubadilishwa kabla mfumo haujaamka. Wakaiagiza mashine yenye 800 ijibu 867. Ikajibu hivyo, ikapokewa, na mfumo ukafanya kazi. Fikiri, msomaji: hakuna hata megahezi moja iliyoongezeka katika mashine ile. Kilichobadilika ni neno. Huo ulikuwa mlango, na mlinzi wake alikuwa akilinda mstari uliochorwa kwa chaki. Si kwamba mstari ule haukuwa na maana, kwa kuwa mashine za polepole hulemewa na mfumo mzito. Lakini tofauti baina ya 800 na 867 haikuwa tofauti baina ya uhai na mauti.

Miaka miwili baadaye hali ilikuwa nyingine kabisa. Apple ilikuwa imetangaza mwezi wa Juni 2005 kwamba itaziacha prosesa za PowerPC na kutumia za Intel, na mashine za kwanza za namna hiyo zilitoka Januari 2006. Mwezi wa Agosti 2009 lilitoka toleo la Snow Leopard, lililotengenezwa kwa prosesa za Intel peke yake. Kila ukoo wa prosesa una lugha yake ya amri. Prosesa ya PowerPC haifahamu amri za Intel, kama vile mtu aliyelelewa kwa lugha moja asivyofahamu lugha nyingine asiyoisikia kamwe. Hapa hapakuwa na neno la kubadilisha wala kipande cha kurudisha, maana mfumo wote ulikuwa umeandikwa katika lugha ngeni. Huo ulikuwa mwamba.

Mwezi wa Julai 2012 toleo la Mountain Lion liliziacha kompyuta za Mac Pro za mwaka 2006 na 2007. Prosesa zake zilikuwa na nguvu ya kutosha na zilifahamu hesabu za biti 64 ambazo mfumo ulizitaka. Tatizo lilikuwa katika programu ndogo iliyotiwa ndani ya mashine kiwandani kwa ajili ya kuiamsha: hiyo ilisema kwa biti 32, na mfumo mpya ulisikia biti 64 peke yake. Walikuwa kama majirani wawili wasioelewana ingawa kila mmoja ni mzima. Wajuzi waliokuwa nje ya kampuni wakatunga mkalimani, programu fupi ya kusimama katikati na kufasiri maneno ya upande mmoja kwa upande wa pili. Mashine zilizokuwa zimehesabiwa kuwa zimekufa ziliamka na kuendelea na kazi kwa miaka mingine.

Tangu mwaka 2021 kazi ya namna hiyo imeendelezwa na mradi uitwao OpenCore Legacy Patcher, ambao huwezesha matoleo mapya ya macOS kukaa katika kompyuta za Intel zilizoachwa. Mahali ambapo Apple imeondoa programu za kuendesha kadi za kale za michoro, mradi huzichukua kutoka matoleo ya nyuma na kuzirudisha. Lakini mwezi wa Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba toleo la Tahoe ndilo la mwisho litakalokubali prosesa za Intel, maana tangu Novemba 2020 imekuwa ikiuza mashine zenye prosesa zake yenyewe. Basi mwamba wa mwaka 2009 umesimama tena mbele ya safari.

Jambo hili halikuwapata watu wa Apple peke yao. Tarehe 5 Oktoba 2021 Microsoft ilitoa Windows 11, nayo ilidai chipu ya kutunza siri iitwayo TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha maalumu. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikuwamo. Hata hivyo kampuni yenyewe ilieleza wakati huo njia ya kuusimika mfumo katika baadhi ya mashine zisizotimiza masharti, ikionya kwamba hazina haki ya kupata masahihisho. Huo ulikuwa mlango. Lakini toleo la 24H2 la mwaka 2024 liliandikwa kwa amri fulani ambazo prosesa za kale sana hazina, na katika mashine hizo halikuamka kabisa. Mfumo mmoja, basi, uliweka mlango kwa baadhi ya mashine na mwamba kwa nyingine.

Hata hivyo, mlango kufunguka si hoja tosha ya kuingia. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la hatari katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo programu ya uharamia iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai kikombozi. Na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Ilipita katika mashine ambazo hazikuwa zimetiwa kiraka kile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu anayetumia mfumo ulioachwa ameacha ufa. Naye anayelazimisha mfumo mpya katika mashine kuukuu amejitwika kazi ya fundi: pengine hulegeza ulinzi ili viraka vyake vishike, na kila sahihisho likija yampasa ahakikishe kwamba halikuvunja alichokijenga.

Mambo haya yanatuhusu sisi katika Kenya. Kompyuta nyingi zilizoingia katika shule zetu zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, kwa mfano, limefanya kazi ya kuzikarabati na kuzigawa mashuleni tangu mwaka 2002. Tarehe 14 Oktoba 2025 masahihisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma, isipokuwa kwa walioingia katika mpango wa nyongeza. Chumba cha kompyuta kilichojaa mashine nzima kikafikia njia panda: kuzitupa, kuziacha zitumike bila ulinzi, au kuzitafutia mfumo mwingine. Linux, ambayo matoleo yake kadhaa bado hupokea mashine za miaka mingi, ni njia moja iliyo wazi na ya halali. Kuzitupa kuna gharama mbili, ya kununua nyingine na ya takataka yenye sumu kama risasi ndani yake.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa kwamba mashine imekufa, usikubali upesi na usikatae upesi. Uliza kwanza kizuizi ni mlango, mto au mwamba. Kisha uliza nani ataziba nyufa baada ya wewe kuingia. Mwisho uliza mashine ni ya nani, kwa maana ya kwako waweza kuijaribu, bali ya shule haiguswi bila idhini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha uliotoboka nao wapaswa kushonwa kabla ya kuukalia. Mtengenezaji ana haki ya kusema kwamba yeye amechoka kuitunza mashine. Hana uwezo wa kusema kwamba imekufa, ila pale ambapo mwamba umesema pamoja naye. Na mtu wa kuutambua mwamba huo ni yule aliyejifunza jinsi mashine inavyofanya kazi ndani. Elimu hiyo yaweza kuwa yako.