Sindano ya rubela na mimba: hofu hii ilianzia wapi?

Kuna swali ambalo watu wa kwetu Uchindile wameniuliza zaidi ya mara moja, hata pale stesheni ya TAZARA tukingoja treni: mwanamke akichanjwa rubela, kisha akagundua alikuwa na mimba, mtoto atazaliwa mzima? Wapo walioambiwa mitaani kwamba mimba hiyo itolewe. Hebu turudi nyuma kidogo.

Zamani rubela ilihesabiwa ugonjwa wa kitoto tu: vipele siku tatu, homa kidogo, basi. Mwaka 1941 huko Sydney, Australia, daktari wa macho Norman Gregg alishangaa kuona vichanga wengi wana mtoto wa jicho. Kati ya watoto 78 aliowaandika, mama 68 walikuwa wameugua rubela wakiwa wajawazito, wengi mimba ikiwa changa. Kumbe ugonjwa ukimpata mama katika wiki 12 za mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, haoni, au moyo una kasoro. Mlipuko wa Marekani wa 1964-65 uliacha watoto wapatao 20,000 wenye madhara hayo.

Chanjo ikapata kibali Marekani mwaka 1969. Ndani yake kuna kirusi hai kilichodhoofishwa, na hapo ndipo hofu ilipozaliwa. Wala haikuwa hofu ya kijinga, maana kirusi cha chanjo kilikutwa katika baadhi ya mimba zilizotolewa baada ya mama kuchanjwa. Wajawazito wakakatazwa. Lakini wapo waliochanjwa bila kujijua, na Marekani wakafungua daftari la kuwafuatilia, kuanzia 1971 hadi 1989. Wanawake 321 ambao hawakuwa na kinga walizaa watoto hai 324. Mwenye ulemavu wa rubela? Hakuna hata mmoja! Costa Rica na Brazil zilipochanja wanawake watu wazima, kuanzia 2001, wajawazito wengi zaidi walifuatiliwa, na majibu yakawa yale yale. Mwaka huo huo Marekani ikapunguza muda wa kusubiri kabla ya kubeba mimba, kutoka miezi 3 hadi siku 28.

Kwetu chanjo ya surua na rubela iliingia kwa kampeni ya Oktoba 2014, kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Binti aliyechomwa akiwa darasa la sita leo ni mama. Sindano ile ya shuleni haimdhuru mwanawe, ndiyo inayomkinga.

Katazo bado lipo, kwa tahadhari: ukijua una mimba, subiri ujifungue. Kunyonyesha hakuzuii kuchanjwa. Na aliyechanjwa bila kujua, Shirika la Afya Duniani halioni kuwa hiyo ni sababu ya kutoa mimba. Aendelee na kliniki kama kawaida, na amtajie mkunga tarehe aliyochanjwa.