Nota za Maumbo na Watu Wasioitwa Kwaya

Katika nota za kawaida kila kichwa ni punje ya mviringo, na punje zote zinafanana. Mwimbaji akitaka kujua hii ni do au ni la, inambidi atazame alama za ufunguo mwanzoni mwa mstari, ahesabu mistari na nafasi, ndipo atoe sauti. Mwaka 1801 kilitoka Marekani kitabu kilichompunguzia kazi hiyo: The Easy Instructor, cha William Little na William Smith. Mistari mitano ilibaki palepale, ila kila silabi ilipewa umbo lake. Fa ni pembetatu, sol ni duara, la ni mraba, na mi ni uru, lile umbo tunalolijua kwenye karata.

Silabi ni nne tu, lakini sauti za ngazi ni saba. Hupandishwa hivi: fa, sol, la, fa, sol, la, mi, kisha fa ya juu. Aliyekulia kwenye do, re, mi ataona kuna upungufu, kumbe hakuna. Katika ngazi hiyo, ukipanda kutoka la kwenda fa, au kutoka mi kwenda fa, hatua ni nusu toni; nyingine zote ni toni nzima. Jicho likiona mraba na juu yake pembetatu, koo linajua libane. Mkulima wa Georgia ambaye hakuwahi kugusa kinanda aliweza kusoma wimbo wa sauti kadhaa kwa njia hiyo, na wajukuu wa wajukuu wake wanasoma hadi leo.

Mimi naziita nota za maumbo. Ningeweza kusema nota za sura, lakini sura kwetu ni uso wa mtu na pia ni mlango wa kitabu, na ndani ya kitabu cha nyimbo ingeleta mkanganyiko. Umbo halina utata. Wapenda muziki wa mijini waliofuata mitindo ya Ulaya walizibeza, wakazipachika jina la nafaka fulani yenye punje za pembe tatu. Kejeli hiyo haikuziua. Zilishuka kusini, na huko vikatungwa vitabu ambavyo havijawekwa kabatini: The Southern Harmony cha William Walker, 1835, na The Sacred Harp cha B. F. White na E. J. King, 1844. Jina la hiki cha pili maana yake ni kinubi kitakatifu, ingawa hakuna kinubi wala chombo kingine kinachopigwa. Waimbaji husema kinubi chenyewe ni sauti ya binadamu.

Kinachonivutia zaidi ni msamiati wa waimbaji hawa, kwa kuwa karibu wote umetoka shuleni. Walimu wa muziki walikuwa wakizunguka vijijini, wakifungua shule za uimbaji za siku au majuma machache, kisha wakaenda zao. Maneno yao yakabaki. Waliokusanyika huitwa darasa. Wimbo anaouongoza mtu huitwa somo. Hakuna tamasha wala hadhira. Mkutano wenyewe huitwa uimbaji, basi. Watu huketi wakitengeneza mraba wenye uwazi katikati, kila sauti upande wake, nyuso zikitazamana. Anayeongoza husimama pale katikati, hutaja ukurasa, na mtu mmoja mwenye sikio zuri huwatolea sauti ya kuanzia bila chombo. Kwanza darasa zima huimba silabi, fa na sol na la, ndipo lirudie kwa maneno. Somo likiisha anaingia mwingine, awe mzee wa miaka themanini au mtoto, na katibu huandika nani kaongoza ukurasa upi.

Neno somo linawafaa kweli. Kwetu ni funzo la darasani, na ni fungu la maandiko linalosomwa kanisani. Wao wana somo la kumbukumbu: majina ya wenzao waliofariki mwaka ule husomwa, kisha wimbo huimbwa kwa ajili yao.

Penye taabu kwa Kiswahili ni majina ya sauti. Wanakwaya wetu husema sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na kila mtu anajua kwamba tuni iko ya kwanza, kwa akina mama. Katika The Sacred Harp tuni kuu iko kwenye tena, nayo huimbwa na wanaume na wanawake pamoja. Nyimbo nyingi za kitabu hicho zilikuwa na sauti tatu tu, alto ikaongezwa katika toleo la 1911. Ukiwaandikia kwa namba zetu utampa msomaji picha ya uongo: kwamba kuna sauti moja inayobeba wimbo na nyingine zinazoipamba. Kule kila sauti ina tuni yake inayoweza kujisimamia. Afadhali kuandika trebo, alto, tena na besi, msomaji ataelewa.

Sisi tuna ndugu wa nota hizi. Herufi d, r, m, f, s, l, t zilizojaa kwenye karatasi za kwaya zetu zilitokana na kazi ya Sarah Ann Glover wa Norwich, kisha John Curwen akaisambaza Uingereza na wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwenye tuni ya Mungu Ibariki Afrika, aliandika nyimbo zake kwa herufi hizi, yaani solfa. Lengo lilikuwa lilelile la kumwezesha mtu asiye na chombo kushika sauti yake. Solfa iliitupa mistari mitano, maumbo yaliibakiza. Kwa hiyo aliyejifunza maumbo anaiona tuni ikipanda na kushuka mbele ya macho, na hapo naona maumbo yameishinda solfa yetu.

Ninyi mnaotafsiri na kuandika habari za muziki, ninawaomba jambo moja. Mkifika kwa watu hawa msiwaite kwaya, kwa sababu kwaya huimbia wengine. Andikeni darasa.