Kuchomeka si kupachika

Jumatatu moja asubuhi niliitwa kwenye duka la jumla ambako kompyuta ya mauzo ilikuwa "imesahau kila kitu". Usiku umeme ulikatika, ukarudi, mashine ikajiwasha yenyewe. Karani alipofungua programu alikuta orodha tupu: hakuna mteja, hakuna deni. (Wadaiwa wangefurahi.) Ajabu ni kwamba nilipofungua folda ya /srv/mauzo, faili la data lilikuwemo, zima, na ukubwa wake uleule.

Nilipojaribu kumweleza mwenye duka kilichotokea, ndipo nilipoona thamani ya neno kupachika. Kwa Kiingereza ni mount, neno la enzi ambazo fundi aliibeba diski kwa mikono na kuikalisha kwenye mashine. Wanaolitafsiri kwa kupandisha wamefikiria farasi. Wanaosema kuchomeka wamekaribia, lakini wanachanganya mambo mawili. Kuchomeka ni kazi ya mkono: flashi inaingia kwenye tundu, taa inawaka, basi. Kupachika ni kazi ya mfumo: yaliyomo kwenye diski yanakalishwa kwenye folda iliyotengwa, kama mpini kwenye jembe. Folda hiyo mimi naiita pachikio, na kuiondoa diski hapo ni kupachua.

Kwenye Linux, orodha ya vya kupachikwa imo katika /etc/fstab. Zamani ilisomwa mstari kwa mstari, hivyo /var ilibidi iandikwe kabla ya /var/log. Systemd, programu inayosimamia uwashaji wa mfumo na iliyoanza 2010, haijali mpangilio wa mistari. Huangalia njia yenyewe, ikatambua kuwa /var/log imo ndani ya /var, ikangoja. Isichoweza kukisia ni programu ipi inaitegemea diski ipi.

Pale dukani, mstari wa diski ya data ulikuwa na neno nofail. Nadhani aliyeliweka alichoshwa na zile sekunde 90 ambazo mashine hungoja diski isiyoonekana. Lakini nofail huiambia mashine iendelee bila kungoja. Programu ikawahi, ikakuta pachikio tupu. Ilikuwa inatumia SQLite, ambayo kwa kawaida isipokuta faili hutengeneza jipya, ikatengeneza. Muda mfupi baadaye diski ikapachikwa juu yake. Faili jipya halikufutwa. Lilifunikwa tu, na programu iliyokuwa imeshalifungua ikaendelea kulisoma huko chini.

Kuizima programu na kuiwasha upya kulitosha kurudisha madeni. Kuzuia tukio hilo lisijirudie kulihitaji mstari mmoja kwenye faili ambalo systemd hutumia kuiwasha programu hiyo: RequiresMountsFor=/srv/mauzo. Sasa diski isipopachikwa, programu haianzi kabisa, na karani anaona kosa badala ya orodha tupu inayomdanganya. Diski ikiwa imepachuliwa, nililifunga pia pachikio kwa chattr +i ili lisiandikwe kitu likiwa tupu. Huo ni ukali, lakini naupenda.

Kabla ya kulifunga nilichungulia ndani. Lilikuwamo faili dogo lenye mauzo matatu ya asubuhi ileile. Wakati wananisubiri, karani alikuwa ameshaanza kuuza.