Treni ikifutwa Ulaya, nani hulipa tiketi ya pili?

ABIRIA aliyekata tiketi ya treni mapema kwa bei nafuu, kisha akafika stesheni na kukuta safari yake imefutwa, hukabiliwa na swali la haraka: anunue tiketi nyingine papo hapo au asubiri? Katika nchi za Umoja wa Ulaya uamuzi huo waweza kumgharimu fedha nyingi, kwa kuwa tiketi ya siku hiyo hiyo aghalabu huuzwa kwa bei iliyo mbali na ile ya wiki kadhaa kabla.

Sheria inayosimamia suala hili ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, iliyopitishwa Aprili 29, 2021 na kuanza kutumika Juni 7, 2023 badala ya ile ya mwaka 2007. Kanuni hiyo haiulizi uraia. Mwanafunzi kutoka Dar es Salaam au mfanyabiashara wa Mombasa anayesafiri kutoka Berlin kwenda Paris ana haki sawa na mwenyeji. Hata hivyo, nchi wanachama zimeruhusiwa kuziondoa treni za mijini, za vitongojini na za mikoani katika baadhi ya vifungu vyake, hivyo maelezo yanayofuata yanahusu hasa safari ndefu.

Treni inapofutwa, au inapoonekana wazi kuwa abiria atafika akiwa amechelewa kwa dakika 60 au zaidi, kampuni ya reli hutakiwa kumpa nafasi ya kuchagua. Aweza kurudishiwa nauli. Aweza kusafirishwa kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo. Au aweza kusafirishwa siku nyingine inayomfaa. Akichagua kusafirishwa, haruhusiwi kutozwa nyongeza yoyote, hata kama nafasi iliyopatikana ni ya daraja la juu kuliko lile alilolipia.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Abiria mwenye hasira huenda dirishani, hudai nauli yake, hurudishiwa, kisha hukata tiketi mpya ya kampuni nyingine. Kwa kufanya hivyo amejiondolea mwenyewe haki ya kusafirishwa bila nyongeza, na bei ya tiketi ya pili ni mzigo wake. Aidha, aliyekwisha kurudishiwa nauli hawezi tena kudai fidia ya kucheleweshwa kwa safari hiyo hiyo. Kurudishiwa nauli kunamfaa yule ambaye hataki tena kusafiri. Akiwa amekwama katikati ya njia na safari yake haina maana tena, hurudishiwa hata nauli ya sehemu aliyokwisha kusafiri na kurejeshwa alikoanzia.

Kwa anayetaka kufika, kipengele muhimu ni kile cha dakika 100. Endapo kampuni ya reli haikumjulisha abiria njia mbadala zilizopo ndani ya dakika 100 tangu saa ambayo treni ilipangwa kuondoka, abiria ana haki ya kujinunulia tiketi ya treni nyingine au basi, na kampuni hutakiwa kumlipa. Kwa mfano, kama treni iliyofutwa ilipaswa kuondoka saa 3:00 asubuhi, haki hiyo huanza saa 4:40. Anayenunua saa 3:15 bila kuongea na yeyote amejiingiza katika mabishano, isipokuwa kama ameomba na kampuni ikamkubalia. Ruhusa ya namna hiyo ni vema ipatikane kwa maandishi, walau kwa ujumbe wa simu.

Gharama zinazorejeshwa ni zile zilizokuwa za lazima, zinazofaa na zisizopita kiasi. Maneno hayo yana nafasi kubwa ya kuvutana, lakini jambo moja halina utata: kipengele hicho kinataja treni na basi, hakitaji ndege wala gari la kukodi. Vilevile, abiria aliyeikosa ndege kwa sababu ya treni asitarajie kanuni hii imlipie tiketi ya ndege. Hasara za namna hiyo zimeachiwa sheria za kila nchi.

Fidia ya kucheleweshwa ni jambo jingine, na haimwondolei abiria haki ya kusafirishwa. Anayefika akiwa amechelewa kwa dakika 60 hadi 119 hudai asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 hudai asilimia 50. Mwenye tiketi ya euro 40 atapata euro 10 au euro 20. Kampuni zinaruhusiwa kutolipa kiasi kilicho chini ya euro 4, kwa hiyo mwenye tiketi ya euro 15 aliyechelewa dakika 70, ambaye stahili yake ni euro 3.75, huenda asipate kitu. Kampuni ikitoa vocha, abiria anaweza kuikataa na kudai fedha.

Fidia hiyo ndiyo iliyopunguzwa nguvu mwaka 2023. Chini ya kanuni ya zamani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 26, 2013, katika shauri lililohusu reli ya Austria, kwamba kampuni haiwezi kukwepa fidia hata kwa kisingizio cha nguvu zilizo nje ya uwezo wake. Sasa inaweza, iwapo chanzo ni hali ya hewa iliyokithiri, janga kubwa, watu walioingia relini, wizi wa nyaya au hujuma. Mgomo wa wafanyakazi wa reli haumo katika msamaha huo, ingawa abiria wengi hukata tamaa wanaposikia neno mgomo. Na hata pale msamaha unapohusika, ni fidia tu inayoondoka: nauli hurudishwa na abiria husafirishwa kama kawaida.

Tahadhari nyingine ni ya siku ya kununua. Tiketi zilizonunuliwa kwa pamoja kutoka kampuni moja ya reli huhesabiwa kuwa safari moja, ila kama abiria alielezwa kabla ya kulipa kuwa ni mikataba tofauti. Mwenye tiketi mbili za mikataba tofauti, treni ya kwanza ikimchelewesha akaikosa ya pili, hiyo ya pili kwa kawaida imepotea. Wakala aliyeunganisha tiketi hizo kwa hiari yake bila kumweleza mteja hutakiwa kurudisha fedha zote na kuongeza asilimia 75.

Wakati wa kusubiri kwa saa moja au zaidi, abiria anastahili chakula na vinywaji kwa kadiri inavyowezekana, na hoteli ikibidi kulala. Ujerumani huongeza teksi ya hadi euro 120 katika mazingira fulani ya usiku, kama vile treni ya mwisho ya siku inapofutwa na hakuna usafiri mwingine.

Madai hutegemea ushahidi. Abiria atunze tiketi ya awali, risiti ya tiketi ya pili, na picha ya ubao wa matangazo unaoonyesha treni iliyofutwa pamoja na saa. Madai yasicheleweshwe kupita miezi mitatu, na fidia hulipwa ndani ya mwezi mmodi tangu kuombwa. Uingereza, iliyojitoa katika Umoja huo mwaka 2020, ina utaratibu wake: kampuni nyingi huanza kuhesabu fidia kuanzia dakika 15 au 30, lakini mdai ana siku 28 tu.