Dharura Inaisha Saa Ngapi?

Ukifikisha mgonjwa kasualti, kuna mambo mawili utaulizwa: anaumwa nini, na nani analipa. Tangu uhuru tumekuwa tukivutana juu ya lipi litangulie.

Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta iliondoa ada ya Sh5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wa nje kwenye hospitali za umma. Ikaja miaka ya themanini, madeni, na Benki ya Dunia na masharti yake. Desemba 1989 tukaletewa "kuchangia gharama", jina tamu kweli, kana kwamba ni harambee. Watu wakalia, ada ya kujiandikisha ikasimamishwa 1990, kisha kuanzia 1992 ikarudishwa polepole. Kizazi changu kimezaliwa ikiwa imeshazoeleka. Kwetu, mtu akizidiwa, kabla ya kutafuta gari mnatafuta pesa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), ikasema kwa sentensi moja fupi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi saa 18 hapa Nairobi, akisubiri kitanda cha ICU. Alifariki. Nchi ikachemka, na Sheria ya Afya ya 2017 ikaja na meno: hospitali yenye uwezo ikikataa kutibu dharura, faini ni hadi Sh3 milioni.

Na meno hayo yanauma, nisiwe mchoyo wa sifa. Mwaka juzi tulimkimbiza shangazi hospitali moja ya kibinafsi, pumzi imekata. Nesi alimwekea oksijeni hata kabla ya kuuliza jina. Baada ya masaa mawili daktari akasema alazwe, na hapo ndipo tukaelekezwa dirishani.

"Dipositi elfu hamsini, ndio tuangalie kitanda."

Nikamtajia karani Katiba. Akanitazama kama mtu aliyesikia hiyo hotuba mara nyingi.

"Hiyo ni ya dharura, kaka. Mgonjwa wako ameshatulia."

Hakuwa anabuni. Sheria ya 2017 inahesabu kutuliza hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa kama sehemu ya huduma ya dharura, na hospitali nyingi husoma hapo na kufunga kitabu. Dipositi haikufa, ilitoka tu mlango wa kasualti ikahamia mlango wa wodi.

Lakini sheria hiyohiyo inaeleza matibabu ya dharura kuwa ni yale ya haraka yanayozuia kifo au hali kuwa mbaya zaidi. Mtu wa kukata pumzi akirudishwa nyumbani usiku, si hali itakuwa mbaya zaidi? Mimi naona kitanda kilikuwa bado ndani ya dharura. Shida ni kwamba anayetangaza dharura imeisha ni hospitali ileile inayongoja dipositi.