Palestina Inatuhusu Nini Sisi wa Gatina?



Jioni moja ya Ramadhani, pale madrasa kwetu Gatina, tulikuwa tumeketi na tende mkononi tukingoja adhana ya magharibi. Maalim akatwambia tuwaombee watu wa Gaza. Kijana mmoja, hajafika hata miaka 13, akanyoosha mkono: "Ustadh, Palestina ni mbali. Sisi hapa hata maji tunanunua kwa mtungi. Inatuhusu nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, manake swali hilo hilo nimeulizwa chuoni na watu wenye digrii.

Jibu la kawaida unalijua: Msikiti wa Aqsa ni kibla chetu cha kwanza, na Waislamu ni mwili mmoja. Ni kweli. Lakini nilivyomwelewa, yule kijana aliuliza kitu kingine. Alitaka kujua kama hadithi hii imewahi kupita hapa kwetu. Basi nimwambie: imepita, tena kwa miguu.

Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliyekuwa ameipanda reli yetu mwishoni mwa 1902 na kuona nyanda zenye baridi, aliwaahidi viongozi wa Kizayuni ardhi ya kuwaweka Wayahudi. Vitabu vinaita "mpango wa Uganda", lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, huko Eldoret ya leo. Tusiwe wadhalimu wa maneno: Wayahudi wa Urusi walikuwa wakichinjwa kweli, na mauaji ya Kishinev yalikuwa Aprili mwaka huo huo. Mtu anayekimbia kuuawa ana haki ya kutafuta pa kujificha. Lakini je, Wanandi na Wamaasai waliulizwa? Hakuna aliyewauliza. Mkutano wa Wazayuni kule Basel ulipiga kura, 295 kwa 178, kutuma watu waje wakague. Mwaka 1905 wakaikataa ardhi hiyo.

Waziri mkuu wa Uingereza wakati ahadi ile inatolewa alikuwa nani? Arthur Balfour. Ndiye huyo huyo ambaye Novemba 1917, sasa akiwa waziri wa mambo ya nje, alitia sahihi barua ya kuahidi makao ya taifa la Wayahudi Palestina, ambako karibu watu 9 katika kila 10 walikuwa Waarabu. Nao pia hawakuulizwa.

Sasa ngoja, kuna mtu mwingine. Wanandi walikuwa wakipinga reli na serikali ya mkoloni tangu miaka ya 1890, wakiongozwa na Orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alitoka kwenda kukutana na ofisa wa jeshi la KAR, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya suluhu. Alipigwa risasi pale pale, na watu waliofuatana naye wakauawa. Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego. Mabaraza 3 ya uchunguzi yakamsafisha, lakini 1906 akaondolewa nchini. (Shajara zake, wachunguzi wa baadaye wamezikuta zina uwongo mwingi, kwa hivyo ukizisoma soma na chumvi.) Fimbo za Koitalel zilikaa Uingereza karne nzima, zikarudi Kenya mwaka 2006.

Na Meinertzhagen akaenda wapi? Mwaka 1917 yuko na jeshi la Uingereza likiingia Gaza, ofisa wa ujasusi. Mwaka 1919 ndiye ofisa mkuu wa siasa wa Waingereza huko Palestina, na hakuficha kwamba yuko upande wa Wazayuni. Mkono ule ule, ndugu yangu.

Hapa jirani zetu wa Kibera wananihusu. KAR ya wakati ule ilikuwa na askari wengi wa Kisudani, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Kibera. Siwalaumu, askari anatumwa. Ila tazama waliahidiwa nini. Mwaka 1918 ekari 4,197 za Kibera zilitengwa rasmi kwa ajili ya askari hao na jamaa zao, lakini hatimiliki hawakupewa. Wakahesabiwa ni wakaaji kwa hisani ya serikali tu. Hati ya jamii ilipatikana 2017, na ilikuwa ya ekari 288. Mwenye kuishi miaka 100 mahali bila karatasi haitaji kufundishwa mkimbizi wa Palestina ana uchungu gani.

Tukisoma sira tunajua uzito wa mapatano. Hudaibiya, Mtume (s.a.w.) alikubali masharti yaliyowauma masahaba. Abu Jandal akaja akiburuta minyororo, na Mtume akatimiza neno lake. Suratul Maida inafungua kwa amri ya kutimiza ahadi. Kwetu sisi kusimamisha vita ni ahadi, si mapumziko ya kujaza risasi.

Kuna mtu aliyejaribu, na huyu naye alipita kwetu. Ralph Bunche, Mmarekani mweusi, alijifunza Kiswahili London mwaka 1937, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta! Mwaka 1938 akafika Kenya, Wakikuyu wakampa jina Kariuki. Miaka 10 baadaye mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, Bernadotte, aliuawa Jerusalem na Wazayuni wenye silaha, na Bunche akaichukua kazi. Mwaka 1949, kisiwani Rhodes, aliongoza mapatano kati ya Israel na jirani zake, na 1950 akapewa tuzo ya Nobel. Bunduki zilinyamaza. Lakini Wapalestina zaidi ya 700,000 waliofukuzwa au kukimbia hawakurudi, ingawa azimio 194 la Desemba 1948 lilisema wanaotaka kurudi kwa amani waruhusiwe. Mstari wa kuzunguka Gaza ulichorwa katika mapatano hayo, na ndani yake wakabanwa wakimbizi kama 200,000. Mimi naona hapo ndipo palipoharibika: vita vilisimama, haki haikufika.

Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200, na kati ya waliokufa siku hiyo wamo vijana 2 wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Kuua raia ni dhuluma hata akiwa anayeua ni wa upande unaoupenda. Na kufikia Oktoba 2025 wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imehesabu waliouawa zaidi ya 67,000. Mapatano ya Januari 2025 yalivunjwa tarehe 18 Machi, katikati ya Ramadhani, kwa mashambulizi ya Israel. Zaidi ya watu 400 wakafa, wengine wakiwa hata daku hawajamaliza. Yakaja mengine tarehe 10 Oktoba 2025, na baada yake pia mamia wakauawa.

Ndio maana tunaposema vita visimame, tuseme na yanayofuata: chakula na dawa viingie, watu warudi kwao, wafungwa na mateka wawe na haki zao, na aliyeua raia ashtakiwe, awe nani. Desemba 2023 Kenya ilikuwa kati ya nchi 153 zilizopiga kura kutaka vita visimamishwe. Kura hiyo ni yetu. Mbunge akija kula futari nasi, kama wanavyopenda kuja, muulize kwa adabu serikali imeifuatiliaje.

Yule kijana nilimsimulia haya baada ya tarawehe, kwa ufupi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa zile fimbo za Koitalel, mtu anaweza kwenda kuziona?" Nikamwambia ziko Nandi Hills. Anataka tuchange nauli.